UZI: Vita ya Kwanza ya Dunia ilianza na ratiba ya treni, huku kwetu ikaishia kichwani mwa mpagazi

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Juzi lifti ya jengo ninalokaa iligoma siku ile ile niliyonunua kiroba cha sembe cha kilo 25 kwa Mangi. Nikajitwisha, nikapanda nacho ngazi mpaka ghorofa ya nne. Nimepumzika mara tatu, ya mwisho nimekaa kabisa chini, mtoto wa jirani ananipita mbio na "shikamoo anko" yake huku anacheka. Usiku shingo haigeuki. Ndipo nikakumbuka kwamba kilo 25, ikizidi au ikipungua kidogo, ndio mzigo aliotwishwa mpagazi hapa kwetu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Na yeye hakupanda ngazi. Alitembea wiki kwa wiki, toka Kilwa kuingia ndani kuelekea Liwale, kwenye matope ya 1917, tumbo likiwa nusu.

Nikaona nilete uzi. Shuleni tulifundishwa sababu za mbali na sababu za karibu, ukikariri tano unapata alama zako unasonga mbele. Mimi naomba safari hii tuitazame vita hii kwa swali moja: nani alibeba nini, na kwa njia gani? Nitaleta vipande vipande, natumia simu, mnivumilie.

#2 Mleta uzi

Tuanze Ulaya ambako moto uliwashwa.

Tarehe 28 Juni 1914, Sarajevo. Mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, yuko mjini na mkewe Sophie. Asubuhi kijana mmoja kawatupia bomu, likawakosa. Baadaye dereva wao akakata kona isiyo, akasimamisha gari ili arudi nyuma, na pale pale pembeni kasimama Gavrilo Princip, miaka 19, bastola mfukoni. Wote wawili wakafa.

Wengi wetu tukisimulia tunaishia hapo, halafu ghafla dunia nzima inapigana. Kumbe kati ya risasi zile na Uingereza kuingia vitani kuna wiki tano na ushee, na uhondo wote umo humo. Austria ilitaka kuiadhibu Serbia. Kabla haijathubutu ikamuuliza Mjerumani, naye akasema nendeni, tupo nyuma yenu. Tarehe 23 Julai Serbia ikapewa masharti na saa 48 za kujibu. Tarehe 28 Austria ikatangaza vita. Urusi haikukubali kuona Waserbia wanamezwa, ikaanza kuita majeshi yake. Na Urusi ilikuwa na mkataba na Ufaransa tangu miaka ya 1890.

Sasa sikilizeni hapa kwenye treni. Ujerumani ilikaa katikati, Mfaransa magharibi, Mrusi mashariki. Majenerali wake walikuwa na mpango, unaitwa Schlieffen kwa jina la aliyeubuni: Mrusi ana nchi kubwa na reli chache, atachelewa kukusanya watu. Basi tumpige Mfaransa kwanza, ndani ya wiki kama sita hivi, tukipitia Ubelgiji, kisha tupakie askari wale wale kwenye treni tuwapeleke mashariki kabla Mrusi hajakaa sawa. Kila kikosi kilijua kitapanda behewa gani, kituo gani, saa ngapi. Maelfu ya treni, madaraja yamepangiwa mpaka mabehewa ya kupita kwa dakika kadhaa.

Unaona tatizo? Kwa mpango wa namna hii, Mrusi akianza tu kuita watu wake, hata kama ni kwa kutishia, Berlin saa inahesabu. Kila siku ya mazungumzo ni siku ya treni iliyopotea.

Tarehe 1 Agosti Kaiser Wilhelm II akapata fununu toka London kwamba labda Uingereza na Ufaransa zitakaa pembeni. Akafurahi, akamwita mkuu wa majeshi, Moltke, akamwambia basi jeshi lote ligeuzwe liende mashariki. Moltke akajibu haiwezekani, ratiba ikishaanza haigeuzwi. Yaani mfalme anaambiwa na watu wa ratiba kwamba vita aliyoitaka haipo kwenye orodha, iliyopo ni ile nyingine! Baada ya vita jenerali aliyesimamia reli za jeshi hilo hilo akaandika kitabu kuonyesha kwamba ingewezekana. Too late, kama wasemavyo vijana.

Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakavuka mpaka wa Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa, Ujerumani ikiwa imerithi ahadi ya Prussia, dola iliyoizaa, yalikuwa yameahidi tangu 1839 kutoigusa. Siku hiyo hiyo Uingereza ikaingia.

#3 Mdau wa Dodoma

Mkuu umeruka ubeberu. Mkutano wa Berlin je? Mwalimu wetu alisema walikuwa wanagombania makoloni.

#4 Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na mimi nilikariri hivyo hivyo. Ugomvi wa makoloni ulikuwepo kweli. Ujerumani na Ufaransa zilitunishiana misuli juu ya Morocco mara mbili, 1905 na 1911, na kila mara chuki ilibaki. Ila kufikia 1913 Mwingereza na Mjerumani walikuwa wanaongea kwa adabu kabisa namna watakavyogawana makoloni ya Mreno siku Mreno akifilisika. Mwenyewe Mreno hakualikwa, sisi ndio kabisa. Kilichomtisha Mwingereza zaidi kilikuwa manowari za Mjerumani zilizokuwa zinaongezeka kila mwaka, na wazo la kumwona Mjerumani amekaa pwani ya Ubelgiji.

Kwa hiyo mimi naona hivi, na mnaweza kunipinga: makoloni hayakuwasha moto, lakini ulipowaka yalikuwa kuni.

Na kitu cha kuchekesha kwa uchungu ni kwamba ule mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kifungu cha kuwezesha ukanda huu kutangazwa kuwa nje ya vita ya Wazungu. Gavana wa hapa, Heinrich Schnee, alikitegemea. Hakutaka vita, alitaka reli na mashamba ya mkonge. Lakini kamanda wake Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika Januari 1914, alikuwa na hesabu nyingine: kila Mwingereza atakayekuja kunifukuza mimi porini ni Mwingereza mmoja aliyepungua Ufaransa. Waingereza nao hawakungoja kuombwa. Tarehe 8 Agosti 1914 meli yao Astraea ikapiga makombora Dar es Salaam kuvunja mnara wa simu ya upepo.

Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma miezi sita tu kabla.

#5 Mleta uzi

Ulaya nitapita haraka, mambo yake mnayajua kwenye filamu.

Mpango wa wiki sita ulivunjika Septemba 1914 kwenye mto Marne, karibu na Paris. Askari wa Ujerumani walikuwa wametembea mwezi mzima kwa miguu, viatu vimeisha, huku Mfaransa akisogeza watu wake kwa treni za nyumbani kwake. Hapo ndipo ilipo siri ya yale mahandaki kukaa miaka minne. Anayeshambulia akivunja ngome, anasonga mbele kwa miguu kwenye ardhi iliyochimbuliwa na mabomu. Anayejilinda anajaza pengo kwa treni. Mwenye treni anawahi siku zote.

Viwanda vikafanya kilichobaki. Kabla ya mashambulizi ya Somme Waingereza walifyatua makombora kama milioni moja na nusu kwa wiki moja, halafu tarehe 1 Julai 1916 watu wao 19,240 wakafa siku moja. Siku moja, wakuu! Kule Verdun mwaka huo huo reli kubwa ilikuwa imekatwa, Wafaransa wakalisha jeshi zima kwa barabara moja, inasemekana lori moja lilipita kila sekunde 14 usiku na mchana.

Shikeni hiyo picha ya lori kila sekunde 14. Tunarudi nyumbani.

#6 Mdau wa Tanga

Ukirudi nyumbani anzia kwetu bwana. Nyuki wa Tanga waliwapiga Waingereza mpaka wakakimbilia baharini. Babu zetu walisimulia.

#7 Mleta uzi

Hahaha, nilijua Wadigo na Wabondei mtajitokeza. Nyuki ni kweli, ila waliwauma pande zote mbili, hawakuwa na bendera.

Jinsi ilivyokuwa: tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zinatokea Tanga na askari kama 8,000 toka India, wengi wao wametoka kutapika wiki kadhaa baharini. Badala ya kushuka mara moja, nahodha wa manowari ya Fox anaingia kwanza mjini kuwaambia maofisa wa Kijerumani wasalimu amri, anawapa muda, anauliza na habari za mabomu ya baharini. Mnapiga hodi kwa mtu mnayetaka kumvamia! Lettow yuko Moshi. Anapakia watu wake kwenye treni ya Usambara, wanateremka kwa mafungu usiku na mchana. Mpaka shambulio lenyewe tarehe 4 ana watu kama 1,000, wametosha. Waingereza wakarudi melini wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni, ambazo Lettow alizitumia dhidi yao muda mrefu tu.

Sifa zote wakapewa nyuki, lakini mimi ningeanza na treni. Tanga ni mara ya mwisho treni kuamua jambo kubwa huku kwetu. Baada ya hapo ikaanza vita ya kichwa.

#8 Mleta uzi

Hiki ndicho kipande nilichokujia.

Mwanzoni mwa 1916 akaja Jenerali Smuts toka Afrika Kusini na jeshi kubwa, farasi, ng'ombe wa kukokota, na malori machache. Akachukua Moshi Machi, Morogoro Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Wabelgiji na askari wao toka Kongo wakaingia Tabora mwezi huo huo. Kwenye ramani ni ushindi mtupu. Ila Lettow alikuwa hapigani kulinda miji, alikuwa anarudi nyuma, anang'oa madaraja na reli, anasogea kusini, Rufiji, Mahenge, Lindi, kisha Novemba 1917 akavuka Ruvuma akaingia kwa Mreno, Msumbiji ya leo.

Wanyama wakafa. Mbung'o aliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe kwa makumi ya maelfu. Malori yakazama kwenye matope. Kule Verdun lori kila sekunde 14, huku kukabaki kitu kimoja kinachotembea bila kuuawa na mbung'o haraka hivyo, nacho ni mtu.

Fanyeni hesabu na mimi. Mpagazi mmoja, kilo 25 za unga. Naye lazima ale, tuseme kilo moja kwa siku. Ukimtuma mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, yeye peke yake amekula kilo 20 ya mzigo aliobeba. Askari wa mbele wanapata kilo tano. Ukitaka kumlisha mpagazi bila kugusa mzigo wake, mletee mpagazi mwingine, ambaye naye anakula. Mwendo ukifika siku 13 kwenda na 13 kurudi, mzigo wote umeishia njiani, mbele hakufiki kitu. Ndiyo maana jeshi la maelfu kadhaa porini lilihitaji wabebaji mara nyingi zaidi ya idadi yake, na ndiyo maana walipunjwa chakula: kila kibaba alichonyimwa mpagazi ni kibaba kilichofika mbele.

Upande wa Mwingereza peke yake, kwa vita nzima, watu wapatao milioni moja walipitia kazi hii: Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia, Kongo, na sisi hapa baada ya Mjerumani kuondoka. Mwanzo waliitwa kwa hiari ya jina tu. Mwaka 1917 ukawa msako, machifu wanaambiwa leteni idadi fulani, vijiji vinabaki na wanawake, wazee na watoto. Waliokufa karibu 100,000, na risasi hazikuwa muuaji mkubwa. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Mtu aliyezoea ndizi au mtama anapewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, jua linazama, mvua inanyesha, sufuria hamna ya kutosha, kuni mbichi. Anakula nusu mbichi. Asubuhi anajitwisha tena. Sembe hiyo hiyo niliyopandisha ghorofani iliua watu kuliko bunduki ya mashine.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Hapa Dar es Salaam waliwekwa kwenye eneo lenye ukumbi wa soko ambao Wajerumani walikuwa wameujenga kabla tu ya vita. Watu wakalitamka jina walivyoliweza: Kariakoo. Kila siku makonda wanaliita jina la kikosi cha wafu, na sisi tunabishana bei ya nyanya.

#9 Mdau wa Nairobi

Salamu toka huku. Sisi pia tuko na Kariokor, ni hiyo hiyo. Guka yangu mzaa baba alikuwa akisema babake alirudi toka "Kariakoo ya Mjerumani" miguu imevimba na hakutaka tena kuona uji wa mahindi, alikuwa anakula viazi tu. Tulidhani ni uzee. Alafu usisahau kipande, ile pasi ya mkoloni. Vita ikiisha, mwanaume yeyote wa Kiafrika akapewa kipande cha kuvaa shingoni kwa kikebe. Na mashamba wakapewa Wazungu waliotoka vitani. Waliobeba mizigo wakapewa kodi ikapanda.

#10 Mleta uzi

Asante sana ndugu wa Nairobi. Hiyo ya kukataa uji ina maana kuliko kurasa zangu zote.

Na umenifikisha kwenye mwisho wa vita. Ulaya ilimalizika ndani ya treni, kama ilivyoanza: kwenye behewa moja msituni Compiègne, alfajiri ya tarehe 11 Novemba 1918, silaha zinyamaze saa tano asubuhi. Huku hakuna aliyejua. Tarehe 13 Lettow bado anapigana Kasama, Zambia ya leo. Habari zikamfikia karibu na mto Chambeshi, akasalimu amri Abercorn, leo ni Mbala, tarehe 25. Alikuwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na wapagazi wapatao 1,500. Akarudi Berlin akapokewa kama shujaa asiyeshindwa. Mimi sijawahi kumwonea fahari. Miaka minne alikula kwenye maghala ya watu ambao hawakumkaribisha, na waliomfukuza wakala kilichosalia. Ugogo, pande zote mbili zilichukua ng'ombe na wanaume, mvua ikakataa, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Juu yake mafua makali ya 1918.

Mkataba wa Versailles ulitiwa saini 28 Juni 1919, miaka mitano kamili toka Sarajevo. Ujerumani ikabebeshwa lawama na deni, mwaka 1921 likawekwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Tawala nne za kifalme, za Ujerumani, Austria, Urusi na Uturuki, zikaanguka. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Mbelgiji, sisi tukaenda kwa Mwingereza na kupewa jina la Tanganyika. Lile behewa la Compiègne Hitler alilitoa makumbusho Juni 1940, akawasainisha Wafaransa humo humo. Hiyo ni vita nyingine, ila mnaona reli ile ile.

#11 Mdau wa Mwanza

Mkuu umesahau ya kwetu. Wale askari wa Mjerumani walilipwa 1964.

#12 Mleta uzi

Kweli kabisa. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliobaki hai, wazee kama 350 wakajitokeza Mwanza. Wachache tu ndio wenye cheti. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki akampa kila mmoja fimbo ya ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Hakuna aliyekosea hata mmoja, baada ya miaka karibu hamsini.

Hadithi tamu, lakini jiulizeni mpagazi angepimwa kwa amri gani. Kwa upande wa Mwingereza, tume ya makaburi ya vita ilikiri kwenye ripoti ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia upande huo, pengine hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa popote, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

Leo mchana nimepita Posta makusudi kuitazama ile sanamu ya askari ya 1927, singe yake imeelekea bandarini. Nimepita hapo maisha yangu yote sijawahi kuinama. Chini wameandika askari, kisha wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kwenye maandishi wapo, juu kasimama askari peke yake. Nairobi angalau mpagazi kasimamishwa pamoja na wenzake.

#13 Mdau wa Dodoma

Nimesoma mpaka mwisho. Mtunya bibi alikuwa anaitaja, sikujua kama inahusiana na Kaiser. Na lifti je, imepona?

#14 Mleta uzi

Bado mkuu. Fundi anasema anasubiri kifaa toka nje.